MTANI SI ADUI



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukurasa huu, ambao kwa desturi hushughulika na mambo ya kura, ardhi na bei ya karafuu, leo umetoka na maneno ya mpira wa miguu. Wako watakaosema kwamba nchi ina kiu ya haki, na sisi twakaa kuzungumza Simba na Yanga. Lakini hapana barza hata moja, tangu Mkoani mpaka Nungwi, ambapo majina hayo mawili hayatajwi kila siku ya Mungu; na jambo linalotajwa na watu wote kila siku haliwezi kukosa siasa ndani yake. Sisi twadai kwamba katika mashindano ya klabu hizi mbili za Dar es Salaam limo funzo ambalo wakubwa wa siasa katika visiwa hivi, walio ndani ya serikali na walio nje yake, bado hawajalitia akilini.

Kwanza tuitazame asili yake. Klabu ya Young Africans, ambayo watu wote huiita Yanga, iliasisiwa mjini Dar es Salaam mwaka 1935, zama za Mwingereza. Haukupita muda mrefu, mwaka 1936, baadhi ya wenziwao wakatoka na kuunda timu yao wenyewe. Timu hiyo ilibadilisha majina kama mtu abadilishavyo kanzu: iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikalivua jina hilo la kigeni ikavaa jina la Simba. Kwa hivyo wanaozomeana leo ni watoto wa nyumba moja. Na hata baada ya kutengana hawakuhamiana mbali. Makao yao yote mawili yako Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Simba wako Mtaa wa Msimbazi. Yanga wako penye mitaa ya Twiga na Jangwani. Wananunua samaki soko moja, na msiba ukitokea hukaa chini ya turubali moja.

Hebu tuangalie jambo hili la kutoka. Waliotoka mwaka 1936 walipata kiwanja cha kuchezea, na waliobaki wakakubali kucheza nao. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, yaani mtoto aliyehama nyumba. Yanga haikusema kwamba ubingwa ni urithi wa mkubwa. Ilingoja, ikajenga timu, na mwaka 1968 ikautwaa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, iliifunga Sunderland magoli 5 kwa 0, na watu wa Jangwani wakatembea kifua mbele.

Lakini dunia ni mzunguko. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ililipa kwa riba: magoli 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake akatia matatu. Watoto waliozaliwa miaka arubaini baadaye huisimulia siku hiyo kana kwamba walikuwapo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda tena, 5 kwa 0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikajibu kwa 5 kwa 1. Na lililo zuri kuliko yote kwa mwenye kutaka kufikiri ni la tarehe 20 Oktoba 2013: mpaka mapumziko Yanga ilikuwa mbele kwa magoli 3 kwa 0; mchezo ulipokwisha ilikuwa 3 kwa 3. Lau siku ile angetokea mtu mwenye mamlaka akapuliza filimbi ya mwisho wakati wa mapumziko, kwa hoja kwamba matokeo yameshadhihirika na kuendelea ni kupoteza wakati, watu wa Simba wangekwenda makwao na kinyongo ambacho kisingekwisha hata leo.

Zitazameni khabari hizi zote kwa pamoja. Aliyefungwa 5 hakuvunjwa. Aliyefungwa 6 hakufungiwa ofisi. Kila mmoja alirudi nyumbani, akalala na fedheha yake, akaamka akatafuta wachezaji. Na kwa kuwa alijua kwamba siku yake ya kulipa itafika, alivumilia kuchekwa. Hiyo ndiyo siri ya mashindano haya kudumu karibu miaka tisini. Uvumilivu wa aliyeshindwa hauletwi na mahubiri. Huletwa na yakini kwamba kesho kiwanja kitakuwa wazi, goli litakuwa na upana ule ule, na bao lake litahesabiwa.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Watu wa Simba na Yanga hawaitani maadui. Huitana watani, watani wa jadi. Neno hili halikuokotwa njiani. Utani ni mila ya zamani ya watu wa bara, na kwa wengi asili yake ni vita. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, na damu nyingi ilimwagika. Leo ni watani. Badala ya kurithishana visasi walirithishana mizaha. Mtani huweza kukutukana mbele ya wakweo na usikasirike. Lakini mtani huyo huyo, siku ukifiwa, huja kabla ya wengine, akashika jembe, akachota maji, akawachekesha wafiwa katikati ya machozi yao. Utani, basi, una haki na una wajibu, na mwenye kuchukua haki ya kucheka akaukimbia wajibu wa kuzika huyo si mtani, ni mfitini tu.

Sisi wa visiwani tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Makunduchi, kila mwaka katika sikukuu ya Mwaka Kogwa, watu wa upande mmoja husimama na watu wa upande wa pili wakapigana kwa migomba, wakatoleana maneno waliyoyaweka kifuani mwaka mzima. Kisha kibanda huchomwa, hasira zikaenda na moshi, na watu wakaenda kula pamoja. Wazee wetu walijua kwamba ugomvi haufutwi kwa kukatazwa. Hupewa siku yake, mahali pake na mpaka wake.

Lakini utani una sharti moja ambalo bila ya hilo huharibika: lazima pande mbili ziwe na ruhusa sawa. Mimi nikucheke, nawe unicheke. Ikiwa mmoja ana ruhusa ya kucheka na mwingine akijibu anaitwa mvunja amani, huo si utani tena, ni uonevu uliovikwa kilemba. Mtumwa hakuwa mtani wa bwana wake, hata kama bwana alimtania asubuhi na jioni.

Wako wanaokasirika wakiona Simba inacheza na timu ya kigeni na washabiki wa Yanga wanaishangilia timu ya kigeni, au kinyume chake. Husema: huu ni ukosefu wa uzalendo. Tuliyasikia maneno hayo mwaka 2023, Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa mbele ya USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini. Tukayasikia tena Mei 2025, fainali ya kombe hilo hilo, Simba na RS Berkane ya Morocco, ilipomalizikia papa hapa Unguja katika uwanja wa Amaan kwa 1 kwa 1, na Simba ikalikosa kombe kwa kuwa ilikwisha kufungwa 2 kwa 0 kwao Berkane. Sisi twasema waacheni watu wacheke. Mwenye kuifurahia fedheha ya mtani wake hakuiuza nchi. Asubuhi yake humpigia hodi yule yule aliyemcheka, wakaenda kazini pamoja. Na sisi wapinzani tunajua zaidi ya wengine uchungu wa kuambiwa kwamba kutompenda mwenye kutawala ni kutoipenda nchi. Basi tusiwafanyie wengine katika mpira yale tunayoyalalamikia katika siasa.

Uwanja huo wa Amaan umeyaona mengi. Mwaka 1975 fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati ilichezwa Unguja baina ya Simba na Yanga, na Yanga ikashinda 2 kwa 0. Mwaka 1992 wakakutana tena hapa hapa katika fainali ya kombe lilo hilo, na Simba ikalitwaa kwa mikwaju ya penalti. Katika siku kama hizo, mwanachama wetu na mwanachama wa chama tawala huvaa jezi ya rangi moja, wakakaa ubao mmoja, na bao likiingia wakakumbatiana kabla hawajakumbuka kwamba juzi walipishana njiani bila ya salamu. Twauliza: ni kipi kilichowaunganisha kwa dakika tisini ambacho hakiwezi kuwaunganisha penye kisima cha mtaa?

Swali hili si la mzaha, maana visiwa hivi vinayo khabari yake. Wazee wetu wanaikumbuka miaka baada ya uchaguzi wa 1957. Watu walisusiana maduka, walisusiana mabasi, walisusiana hata mazishi. Juni 1961, siku ya kupiga kura na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa katika ghasia. Na baada ya vyama vingi kurudi, kufuatia uchaguzi wa 1995, yale yale tukayaona upya, na khasa Pemba: duka hili la chama hiki, msikiti huu wa chama kile, maiti huyu hazikwi na sisi. Hapana mtu wa Yanga aliyewahi kuona haya kumzika mtu wa Simba. Sisi, watu wa dini moja, lugha moja na udongo mmoja, tuliona haya kuzikana. Na katika hili tusiitupe lawama yote upande wa pili wa barabara. Mkono uliomnyima jirani salamu ulikuwa pia ni mkono wa mtu wetu.

Hata hivyo, lawama zote si za raia. Watu hawasusiani kwa kupenda. Hususiana wanapoamini kwamba mchezo wenyewe si mchezo. Na hapa Simba na Yanga wanatupa funzo la pili.

Mara mbili katika miaka hii ya karibuni wamekosa kucheza siku iliyotangazwa. Mara ya kwanza ni tarehe 8 Mei 2021. Mchezo ulikuwa uanze saa kumi na moja jioni. Siku ile ile ukasogezwa mbele mpaka saa moja usiku. Yanga ikashika kanuni, ikasema muda haubadilishwi hivyo, ikaingia kiwanjani kwa saa ya awali, ikangoja, ikaondoka. Mchezo ukaja kuchezwa tarehe 3 Julai, Yanga ikashinda 1 kwa 0. Mara ya pili ni tarehe 8 Machi 2025. Usiku wa kuamkia mchezo, Simba ilikwenda kufanya mazoezi katika uwanja wa Benjamin Mkapa, ikazuiliwa kuingia. Nayo ikashika kanuni inayoipa timu ngeni haki ya mazoezi, ikasema haitacheza. Wenye kusimamia ligi wakaahirisha mchezo siku ile ile, na safari hii ilikuwa ni zamu ya Yanga kulalamika. Ugomvi ukaenda miezi, mpaka tarehe 25 Juni ndipo ukachezwa, Yanga ikashinda 2 kwa 0.

Hatuandiki haya ili kumpa haki mmoja wao. Kila msomaji ana rangi yake, nasi hatutaki barua za matusi. Tunachotaka mkione ni hiki: hawa watu wamefungana 5 na 6, wakachekana, wakatukanana kwa nyimbo, na mchezo haukusimama. Ulisimama siku waliyotia shaka kanuni na wenye kuzishika. Kipigo hakikuua mchezo. Shaka iliuua kwa siku mbili. Mchezaji humsamehe aliyemfunga. Humuwia vigumu kumsamehe refa.

Na sisi wa visiwa hivi hatukuhitaji kwenda Kariakoo kulijua hilo. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura kwa utulivu. Tarehe 28, kura zikiwa zinahesabiwa na baadhi ya matokeo yamekwisha kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akaufuta uchaguzi wote. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikakataa kuingia kiwanjani. Mshindi akapatikana, kombe likanyanyuliwa, lakini kila mtu aliyekuwa na macho aliona kwamba kulikuwa na timu moja. Kombe la namna hiyo halina utamu hata kwa mwenye kulibeba, kwa kuwa hana wa kumcheka. Mkumbuke kwamba miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 31 Julai 2010, wananchi zaidi ya asilimia 66 walikuwa wamekwisha kusema katika kura ya maoni kwamba wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, yaani walitaka aliyeshinda na aliyeshindwa wakae barza moja. Raia walikuwa tayari kuwa watani. Filimbi ndiyo iliyowarudisha kwenye uadui.

Watu wengine watatujibu kwamba hata klabu hizo si malaika. Ni kweli. Zimegombana ndani kwa ndani; katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka, na katika mpasuko ule ikazaliwa Pan African. Zimetuhumiana rushwa na uchawi, na washabiki wao wameng'oa viti na kurushiana chupa. Sisi hatuzitaji kwa ajili ya utakatifu wao. Twazitaja kwa kuwa, pamoja na aibu zao zote, hapana kati yao aliyewahi kudhani kwamba atakuwa na maana siku mwenzake akitoweka. Simba bila ya Yanga ni timu moja miongoni mwa timu. Yanga bila ya Simba vile vile. Baina yao wametwaa ubingwa wa nchi zaidi ya mara 50, na bado furaha ya ubingwa haiwatoshi kama hawakumfunga mtani. Anayetawala akiona kwamba mpinzani ni mwiba wa kung'olewa, na aliajabie hili: mwenye nguvu humhitaji mpinzani wake ili ajue nguvu zake ni za kweli.

Basi tunasema nini? Kwa wenye mamlaka, tunasema mambo mawili. La kwanza, refa asichaguliwe na nahodha wa timu moja. Mwaka 1974, tarehe 10 Agosti, mchezo uliotoa bingwa wa taifa baina ya Simba na Yanga ulichezwa Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, mbali kabisa na Msimbazi na Jangwani. Simba ilitangulia kufunga; Yanga ikasawazisha mwishoni, ikashinda 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Mpaka leo watu wa Simba wanauma vidole kwa siku ile, lakini hawasemi kwamba waliibiwa. Uchungu wa kushindwa kwenye ardhi isiyo ya mtu hupoa. Uchungu wa kudhulumiwa hurithiwa na wajukuu. Tume ya uchaguzi iwe Nyamagana yetu. La pili, aliyekwisha kuhesabiwa magoli yake asiambiwe kwamba mchezo haukuwapo.

Kwa wanachama wetu, tunasema neno moja zito zaidi. Kudai refa wa haki ni wajibu wetu, na hatutachoka. Lakini tusiungoje mwaka wa haki ndipo tuanze kuwa majirani. Yule wa upande wa pili si refa. Ni mchezaji kama wewe, naye pia anauziwa mchele kwa bei ile ile. Akifiwa, nenda. Akioa, kula pilau yake. Akikupigia hodi usiku mtoto wake anaumwa, toka na taa. Mcheke kwa sera zake, mwimbie, mshinde kwa hoja mpaka akose la kusema. Na akikucheka wewe, cheka pia, kisha mngojee kwenye kura. Mwenye kususa mazishi ya jirani kwa ajili ya chama amemfanyia kazi yule anayetaka tubaki tumegawanyika, na kazi hiyo hakulipwa hata senti moja.

Klabu mbili za mtaa mmoja, zilizozaliwa kwa kutengana, zimeweza kwa karibu miaka tisini kushindana bila ya mmoja kumzika mwenziwe akiwa hai. Visiwa viwili vya bahari moja haviwezi kushindwa na jambo ambalo Kariakoo wameliweza.

Wassalaam,
MPENDA HAKI